Babu Msagaji wa Bibi wa Overport

Juzi, katika duka moja la Isipingo, huku ugenini tulikokimbilia, harufu ya unga wa muhogo ilinikumbusha bibi mzungu wa mtaa wa Overport, ambaye mama alimfanyia usafi nyumbani, nami mtoto nikimfuata. Bibi huyo alikuwa akimtafuta babu yake, msagaji wa ngano kijijini Uingereza. Nilidhani alipotelea vitani, kama mjomba wetu kule Kongo. Kila tulipomwombea mjomba arudi, nami nilimwongeza babu huyo, nikimwazia akiwa na nyusi nyeupe kwa unga.

Mchana mmoja bibi alitufungulia mlango akicheka. “Nimempata!”

“Iko wapi?” niliuliza.

Alituonyesha picha ya kaburi lililoota majani. Nilichanganyikiwa kabisa. Mama alimkumbatia, akilia. “Mungu iko, Madamu.”

Mjomba bado hatujampata. Siku hizi mama haombi tena arudi. Anaomba tuonyeshwe alipozikwa.