Visu Viwili na Mparachichi wa Mama

Mume wangu alikuwa na tabia moja iliyonichosha: kuninunulia kitu nisichokiomba, kisha kukaa akingoja shukrani. Mwishoni mwa miaka ya tisini, akifanya kazi kiwandani Athi River, aliniletea kisu cha kukunja kilichong'aa hadi ungeweza kujitazamia meno.

"Hii haishiki kutu hata ukiilaza kwa maji," akasema.

Mimi sikutaka kisu cha kulaza majini. Nilitaka cha kupandikizia mparachichi wa mama. Kaka yangu alikuwa amegawiwa upande ule wa shamba, kule kwenye vilima vya Iveti, akaamua kuukata mti ajenge nyumba za kupangisha. Mama hakubishana naye. Aliniambia mimi tu, "Nitolee mtoto wake kabla haujaenda." Mbegu ya parachichi haikuhakikishii tunda lile lile, kwa hiyo njia ilikuwa moja: kukata vitawi vyake na kuviunga kwenye miche yangu.

Basi nikatumia kisu cha mume. Balaa tupu. Kilikuja na makali yake, lakini yalipoisha, jiwe letu la kunolea halikukiweza chuma kile. Nilisugua hadi mkono ukafa ganzi, na bado kikawa kinatafuna ganda badala ya kulikata. Vitawi sita, vyote vikakauka. Nilipolalamika, mume akanijibu huku akipuliza chai, "Mama watoto, mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo sijaisamehe hadi leo.

Jumamosi nikashuka Machakos mjini, kwenye duka la hadwea, la zana na vifaa. Mwenye duka, aliyejua kuwa nafundisha shule, akanitolea kisu cha wapandikizaji, cha kukunja vile vile, chuma cha kawaida, cha kijivu, hakina urembo wowote.

"Mwalimu, hii jiwe ya nyumbani inaiweza," akasema. "Lakini ukikosa kuipaka mafuta itashika kutu, na usiniletee hapa."

Nikakichukua. Nilipofika nyumbani nikakikagua kwenye mwanga, nikachemka. Upande mmoja ulikuwa umenolewa vizuri; wa pili ulikuwa bapa kama rula, haujaguswa! Yaani nimesafiri na kulipa, halafu kiwanda kinaniuzia kazi nusu? Kwetu panga hunolewa pande zote mbili, na baba alinifundisha kunoa kabla sijajua kuandika. Nikakaa kwenye jiwe jioni nzima nikiwamalizia kazi yao. Chuma kikatii, kikanyoa nywele za mkono. Nikamwonyesha mume upara niliojinyoa, nikafurahi kuliko inavyofaa.

Nikaunga vitawi vinane, nikavifunga kwa vipande vya nailoni, nikawa navichungulia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine. Nililaumu kutu, ingawa kisu nilikipaka mafuta kama mtoto mchanga. Nililaumu utomvu. Nilimlaumu mwenye duka. Nikiwa bado nalaumu, kaka akaleta watu wa msumeno siku ya katikati ya wiki, nikiwa darasani. Niliporudi kwa mama kukata vitawi vingine nilikuta kisiki na majani yaliyonyauka.

Mwezi uliofuata afisa wa kilimo alipita kwetu kuangalia matuta. Nikamwonyesha miche yangu iliyokufa, na kisu. Akakifungua, akakilaza juu ya daftari langu, akainama kuchungulia.

"Mwalimu, nani alinoa hii kama panga?"

"Mimi."

Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Ule upande bapa ndio unaonyoosha mkato. Kisu kikinolewa pande zote mbili, mkato unavimba katikati, kitawi na mche havilaliani vizuri, havishikani. "Chuma iko sawa kabisa," akasema. "Hata ile ingine ya kung'aa, ukiipatia jiwe yake, ingefanya."

Nilitamani kukirusha kisu kile chooni. Misimu miwili nimegombana na mume juu ya chuma, na chuma hakikuwa na kosa. Niliharibu kwa mikono yangu kitu kilichokuja kimekamilika, na mti haukuwepo tena wa kujaribia.

Nilishindwa kumwambia mama. Nilinunua mche uliokwisha kupandikizwa, nikaupanda karibu na jikoni, na alipokuja kututembelea nikamwambia, "Ndio huu." Akaupapasa majani, akaniombea baraka. Nilimwacha anibariki hivyo hivyo.

Baada ya miaka mitatu mti ukazaa. Nikambebea mama tunda la kwanza, nikampasulia mwenyewe. Akalila kwa kijiko, polepole, akakwangua ganda hadi likabaki jembamba.

"Ni tamu," akasema. Kisha akanitazama bila hasira yoyote. "Mwiitu wakwa, binti yangu, huu mti ulinunua wapi?"