Ploti ya Januari

Nyumba yangu iko kando ya bwawa lililochimbwa enzi za wazungu, nje kidogo ya Eldoret. Ploti nilionyeshwa Januari, kiangazi kikali, na mimi mgeni kutoka Busia nikaona nyasi kavu nikafurahi. Mjinga mimi! Sasa ni Agosti na mvua haikatiki. Leo asubuhi nimefungua mlango wa jikoni nikakuta maji yamefika kwenye ngazi. Nimemkimbilia Mama jirani, mzaliwa wa hapa, nikamuuliza kama yatapanda zaidi. Ameitazama nyumba yangu, halafu akaonyesha barabara iliyo juu yetu.

“Miaka ya mvua kama hii, ng’ombe zetu zilikuwa zinakunywa maji ya bwawa pale barabarani,” akasema. “Hapa kwako zilikuwa zinaogopa kuingia.”