Wiki Ambayo Redio Haikusoma Matangazo

Tuliokuwa kwenye baraza ya karani jioni zile tulikuwa hawa. Karani wa mizani mwenyewe, mtu wa upande wa ziwa, ambaye mchana alipima majani yetu ya chai na jioni alikuwa ndiye mwenye redio. Mke wake, mama wa mapacha, ambaye mlango wake na wangu ilitazamana, tukapeana moto na chumvi mpaka wageni wakadhani tumezaliwa tumbo moja. Mama mmoja Mkipsigis wa kutoka upande wa Roret, aliyetuletea maziwa. Huyo hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale laini, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi, lakini mvua ilimzuia mara nyingi hata akawa wa nyumbani. Na mimi, mchumaji chai, binti wa Kisii. Mume wangu simhesabu, kwa sababu alifanya kazi ya usiku kiwandani. Yeye akiingia mimi natoka, tukapokezana kitanda kama watu wanaopokezana jembe. Majina yao wote ninayo, hata jina la ng'ombe wa yule mama ninalo, lakini sikuwaomba ruhusa ya kuyaandika, basi nimeyaacha.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha. Mama yangu alikuwa mgonjwa huko nyumbani. Miguu ilikuwa imevimba, na chakula alikuwa anakitazama tu. Niliomba ruhusa kwa nyapara nikaenda kumwona, na nia yangu ilikuwa kukaa naye. Yeye akanifukuza.

“Mbona unanikalia hivyo? Umeona nimefunikwa shuka?”

“Nakuangalia tu, mama.”

“Nenda ukaangalie chai. Chai ndiyo inayokua. Mimi nilishakua.”

Kaka yangu akanisindikiza mpaka barabarani. Tulipoona vumbi la basi akaniambia maneno haya: “Kukiwa na jambo, nitapeleka tangazo redioni. Usiposikia jina la mama, ujue anakunywa uji.”

Nyinyi wa simu hamwezi kujua. Siku hizo mtu akifa, wenyewe walienda mjini wakaandikisha tangazo, na jioni baada ya habari mtangazaji alisoma: fulani, mke wa fulani, mama wa fulani na fulani, na habari zimfikie fulani popote alipo. Hayo “popote alipo” ndiyo yalikuwa yetu sisi wa mashamba ya chai. Sisi ndio tulikuwa popote.

Kwa hiyo kila jioni nikishamaliza kuosha matope ya shambani, nilivuka kwa karani. Saa ya matangazo ikifika, mama wa mapacha aliinua mwiko kutoka kwenye ugali akaushika juu, asikoroge, mpaka jina la mwisho lipite. Jina la mama halikusomwa. Nilikuwa nafungua vidole vyangu, na sikuwa na habari kwamba nilikuwa nimevikunja. Nikaenda kulala. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa akiniambia yu hai, jioni kwa jioni, kwa kutotajwa.

Halafu Mzee mkubwa wa nchi akafariki.

Tulikuwa katikati ya shamba. Nyapara alipita kwenye mistari ya chai bila kupiga kelele, na hilo peke yake lilitutisha, maana nyapara yule alizaliwa akipiga kelele. Akasema tuweke vikapu chini tusimame. Tukasimama. Ukungu ulikuwa umeshuka, na mtu hakuona zaidi ya watu wawili watatu wa karibu naye. Wengine walilia. Mimi nilifikiria mama, nikaona haya kwamba taifa linalia na mimi namfikiria mwanamke mmoja wa miguu iliyovimba.

Jioni karani akafungua redio. Hakukuwa na nyimbo zetu, hakukuwa na salamu, hakukuwa na mchezo wa kuigiza. Kulikuwa na muziki wa kizungu usio na mwimbaji. Nyuzi tupu, nyingi, zinavutwa polepole, kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu na ndoo haifiki. Karani akaipiga redio kofi.

“Imeharibika,” akasema mama wa mapacha.

“Haijaharibika. Sikiliza, haikwaruzi.”

“Basi umeifungua ya nchi nyingine.”

“Mama, hii ni ya hapa hapa. Inaomboleza.”

Yule mama wa maziwa alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake. Akasikiliza sana, kichwa kimeinama upande. “Wanaocheza hiyo wako wengi?” akauliza.

“Wengi sana,” akasema karani. “Nimewahi kuwaona kwenye picha. Wamekaa kama darasa, na mmoja mbele na kijiti.”

“Cha kuwachapa?”

“Cha kuwaonyesha.”

“Hata mimi ningelia hivyo kama kuna mtu mbele yangu na kijiti,” akasema, na sote tukacheka, kisha tukanyamaza kwa aibu, kwa sababu ya msiba.

Karani alikuwa mtu wa maneno. Akanigeukia: “Shemeji, nyinyi Wakisii mna lile gogo lenu la nyuzi, obokano. Hii mnaiweza?”

“Obokano ina mtu anayeimba. Anakuambia amekufa nani na amefanya nini. Si kama nyatiti yenu, inakimbia kama kuku anayefukuzwa.”

“Kuku! Mama, umemsikia dada yako?”

Nilicheka, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye redio. Habari zikasomwa, zote za Mzee. Nikangoja matangazo. Nyuzi zikarudi.

Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Tulichuma chai kwenye mvua, mvua ya mwezi wa nane ambayo huanza mchana ukiwa umejaza kikapu nusu, tukapima, tukarudi, na redio ikawa inasema kitu kile kile kisichosema. Nilianza kujua tofauti. Kulikuwa na muziki wa sauti nene uliotembea chini chini kama lori la majani likipanda mlima kwa gia ya kwanza. Kulikuwa na mwingine wa kinanda kimoja, matone matone, kama mabati yanavyodondosha maji mvua ikishaisha. Sikuuchukia. Nasema ukweli, sikuuchukia hata kidogo. Ila kila ulipoanza upya niliona mlango umefungwa, na nyuma ya mlango kuna mtu anasoma majina.

Mama wa mapacha hakuinua mwiko tena. Hakukuwa na sababu. Alikoroga ugali wake mpaka ukaiva.

Jioni moja sauti ikaanza kufifia. Karani akatoa mawe ya redio, ndizo betri, akayapanga karibu na jiko yapate joto, maana jua halikuwako la kuyaanika. Akaniambia bila kunitazama:

“Shemeji, tuizime. Tunakula mawe bure. Wakirudisha vipindi tutafungua.”

“Utajuaje wamerudisha, kama umezima?”

“Nitasikia kwa watu.”

“Mimi siwezi kusikia kwa watu. Mimi jina langu ni la kusikia hapo.”

Alijua habari ya mama yangu, wote walijua. Nikavuka kwenda kwangu, nikachukua tochi ya mume wangu, ile aliyomulikia njia ya kiwandani, nikatoa mawe yake nikamletea karani. Mume wangu jioni hiyo alienda kazini akipapasa kwenye giza, na asubuhi alinikuta mlangoni akiwa na matope mpaka magotini.

“Tochi imekufa,” akasema.

“Mawe nimempa karani.”

Alivua viatu, kimoja, kingine. “Wamesoma?”

“Hawajasoma.”

“Basi kumbe nimeanguka kwenye mtaro kwa ajili ya vinanda.” Akalala. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka.

Nakumbuka jioni ya mwisho kuliko zote. Karani alikuwa ameitwa ofisini, mama wa mapacha yuko ndani analaza watoto, mama wa maziwa hakuja. Nilikuwa peke yangu barazani na redio juu ya kigoda. Ulianza uzi mmoja tu. Nyingine zote zilinyamaza, huo mmoja ukapanda, ukapanda, ukawa mwembamba hata nikaacha kupumua nisiukate. Ndipo nikaelewa kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angekielewa mapema. Kaka yangu aliniambia nisiposikia jina nijue mama anakunywa uji. Lakini sasa hakuna jina la mtu yeyote linalosomwa. Kila mtu Kenya nzima hakutajwa, waliokufa na walio hai. Kutotajwa hakukuwa na maana tena.

Asubuhi sikuenda shambani. Sikuomba ruhusa, kwa sababu nilijua ningeambiwa ningoje maombolezo yaishe. Nikapanda basi la Kisii.

Nilipofika kwetu nilimwona mke wa kaka yangu kabla yeye hajaniona. Alikuwa anachuma mboga kando ya boma. Kitambaa kilimteleza akainama kukiokota, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa. Kwetu watu hunyoa maziko yakishapita. Sikuhitaji mtu aniambie. Nikaanza kupiga mayowe pale pale njiani, peke yangu, siku ambayo wengine wote walikuwa wameshamaliza kulia.

Walinikalisha. Kaka yangu akaja kutoka nyuma ya nyumba. Hakunipa mkono.

“Umekuja leo,” akasema.

“Sikujua.”

“Nilienda mjini mwenyewe. Niliandikisha tangazo kwa mkono wangu, na jina lako likawa la kwanza. Tulikungoja mpaka jua likageuka. Jeneza likabaki wazi kwa ajili yako.”

“Hawakusoma. Nilisikiliza kila jioni. Redio ilikuwa inapiga muziki.”

Shangazi yangu alikuwa amekaa na miguu imenyooka. Akapiga makofi mara moja, vile wazee wetu hufanya wakisikia maajabu. “Muziki! Mama yake anazikwa, yeye anasikiliza muziki!”

“Shangazi, si muziki wa kucheza.”

“Upo muziki gani mwingine?”

Pale kwetu hakuna aliyekuwa na redio. Chifu aliwaambia Mzee amefariki, lakini nani angewaambia kwamba redio imeacha kusema majina? Walijua tangazo likishapokelewa linasomwa, kama mbegu ikishapandwa inaota. Nilijaribu kueleza. Nilieleza nyuzi, nilieleza yule wa kijiti, na kila nilivyoeleza nilizidi kuwa mbaya. Mwisho, kwa kukosa maneno, nikauimba ule muziki wa jioni ya mwisho, kwa pua, nikiwa nimekaa chini mbele ya kaburi bichi la mama yangu. Nilienda nao mpaka pale unapokuwa mwembamba, sauti yangu haikufika, ikakatika.

Mke wa kaka akajaribu kunisaidia: “Labda majina yalisomwa asubuhi, wifi. Ukiwa shambani.”

Hakujua alichonipa. Sikuwa nimefikiria asubuhi.

Baba alikuwa ameegemea ukuta, macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia utando. Nilidhani hasikii. Akaniuliza, “Hakuna siku waliyotaja jina lake?”

“Jioni hapana, baba.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

Kisha akasema, “Nimekuwa nikijiambia kwamba Kenya yote imelisikia. Mwanamke ambaye hakuwahi kufika hata Sotik hapo jirani.” Akageuza uso ukutani. Hapo nikajua sikuwa nimechelewa tu. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokuwa amebaki nacho.

Nilirudi kwenye chai. Kazi nilikuta imeshapewa mtu mwingine, nikaanza upya kama kibarua. Matangazo yalirudi siku moja bila kupigiwa tarumbeta, mama wa mapacha akainua mwiko wake, nami niliendelea kuvuka kwenda kusikiliza miezi mingi, nikitumaini watayasoma yale yaliyorundikana. Ya mama sikuyasikia. Nani atasoma tangazo la maziko yaliyopita? Kaka yangu aliendelea kunisalimia kama jirani mpaka alipofariki, na shangazi aliisimulia habari ya muziki kwenye kila msiba niliohudhuria.

Sasa mimi ndiye mzee, na naweza kuwa nimechanganya. Labda muziki haukuwa wa jioni zote. Labda ilikuwa zaidi ya wiki, au pungufu. Kama wewe ulikuwa na redio siku hizo, au mzazi wako alikuwa nayo, nakuomba unisahihishe. Hasa niambie kuhusu asubuhi, tulipokuwa shambani. Kama matangazo yalikuwa yakisomwa saa hiyo, basi kaka yangu na shangazi walikuwa na haki, kosa ni langu, na nitalichukua kwa mikono miwili, kwa sababu itakuwa na maana kwamba alitajwa. Njoo tu. Jina lake nitakuambia mwenyewe, na la babake, na la kijiji alichozaliwa, nawe utasema kama uliwahi kulisikia.