Siku Kufuli Lilipomgomea Shomari

Shomari alikuwa mtembeza wageni katika ngome kongwe iliyo jirani na kivuko cha Magogoni. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kusomea watu vibao. Wakifika chumba cha wafungwa, yeye huketi sakafuni, akajifunga mkono kwa mnyororo wa ukutani, akabana kufuli, kisha akasimulia kana kwamba ndiye aliyeletwa humo. Akimaliza hujifungulia.

Jumanne moja ya masika alikuja Mwalimu Sitara na darasa lake kutoka Kariakoo. Shomari akasimulia mpaka mwisho, akaingiza ufunguo. Kufuli lilikuwa limeliwa na kutu ya chumvi ya bahari. Akalazimisha, ufunguo ukakatikia ndani.

Watoto wakapiga makofi.

"Bado, jamani. Nimekwama kweli."

Makofi yakazidi. Mwalimu Sitara ndiye pekee aliyeona jasho lake. Akawatoa watoto haraka, akamweleza mlinzi wa getini, naye akampigia simu Benedict, fundi wa makufuli. Benedict akasema anakuja, ila Jangwani maji yamejaa na foleni haisogei.

Kabla hajafika, likaingia kundi la watu wazima waliovaa fulana za rangi moja. Wakainua simu zao.

"Duh, huyu mwamba anaigiza!" mmoja wao alisema.

"Siigizi, ndugu yangu. Naomba mniitie mtu."

"Msikieni sauti! Rudia, kaka, sikurekodi vizuri."

Shomari hakurudia. Mkojo ulikuwa umembana, na kifundo cha mkono kimevimba hadi chuma kikazama kwenye nyama. Miaka yote alikuwa akiwaambia watoto kwamba wafungwa walilia. Yeye kilio hakikumjia. Kilichomjia ni aibu ya kutazamwa. Akageukia ukuta, na hilo nalo wakalipiga picha.

Benedict alifika amelowa chapachapa, wale wageni wakiwa wameshaondoka. Akakata kufuli kwa msumeno wa chuma bila kuuliza maswali.

"Pole, kaka. Inuka taratibu."

Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Shomari alitoka akimshikilia begani.

Kesho yake bosi wake, Mzee Ramadhan, alimwita ofisini akiwa na furaha tele. Video ilikuwa imesambaa, na shule zilikuwa zikipiga simu kumuulizia "yule mfungwa".

"Tutanunua kufuli jipya. Unaonaje?"

"Nitawasimulia nimesimama, mzee. Mkono wangu hauingii tena mle."

"Watu wanataka kuona, Shomari."

"Najua wanataka. Nimewaona."

Mzee Ramadhan hakumfukuza. Alimhamishia dirisha la tiketi, na mnyororo akapewa kijana mgeni kazini, Bryson. Tangu hapo, kila Bryson akiingia chumba kile na wanafunzi, Shomari hufunga dirisha na kwenda kusimama mlangoni mpaka kijana atoke. Wageni wenye haraka hugonga kioo, wakalalamika. Huwasikia, na habanduki.