Nilimchemshia Mume Wangu Samaki, Mamake Akamkaangia

Admin, toa jina langu na jina la soko pia, maana huku kwetu watu wanajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, mzaliwa wa Migori niliyeolewa Homa Bay. Jambo hili nimelibeba tangu miaka ya tisini na sasa limenifika kooni.

Mume wangu alikuwa karani, mtu wa kula akashiba. Siku moja alirudi kutoka hospitali akaniambia ana presha, daktari amemkataza chumvi na mafuta. Kisha akanionya: "Mama asijue. Mtu yeyote asijue." Nilimwelewa. Miaka ile Ukimwi, ugonjwa ule tusioutaja, ulikuwa unamaliza watu, na ukionekana tu ukienda hospitali, wenye midomo walikuwa wameshakuzika. Mamake alikuwa amezika watoto wawili tayari.

Basi nikajifunza kupika upya. Ngege, yule perege wa ziwani niliyezoea kumkaanga mpaka akauke, nikawa nambanika juu ya makaa, halafu namchemsha na nyanya, kitunguu na ndimu nyingi ili mwenyewe asikumbuke chumvi. Mnavu niliupika kwa maziwa bila tone la mafuta. Ugali nikachanganya mtama na muhogo. Wiki ya kwanza alinuna, ya tatu akalamba vidole, na mimi nikajiona mpishi hodari kuliko wote.

Lakini alipungua. Mama mkwe, aliyeniita nyar Migori, yaani binti wa Migori, akaja mpaka jikoni kwangu.

"Nyar Migori, mtoto yangu anakauka. Unampea nini?"

"Chakula, mama."

"Chakula gani haina hata harufu?"

Alinitazama kama mwizi, na ningemjibu vizuri sana kama mdomo wangu haungekuwa umefungwa na mwanawe.

Baada ya miezi michache, tumbo la mume wangu likarudi. Chakula changu anamega mara mbili, eti ameshiba. Shati linanuka moshi wa mafuta ya samaki. Mwanamke akishaanza kunusa mashati, amani imekwisha. Nikamshuku mama mmoja aliyekuwa akikaanga mgongo wazi sokoni, ile mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, inayobaki viwandani wakishatoa minofu. Alikuwa mwingi wa kicheko, na mume wangu alikuwa akisimama pale kila jioni. Nikamwendea mchana kweupe, nikamtukana mbele ya wateja wake. Akageuza samaki wake taratibu.

"Bwana yako hakulangi hapa," akasema. "Yeye hununua mgongo wazi mbichi na mafuta ya mbuta, anapelekea mamake. Enda uulize huko."

Nilirudi nyumbani nimeona aibu. Niulize huko vipi? Kwetu mke wa mtu hafunui chungu cha mama mkwe, wala haulizi mwana amekula nini kwa mamake. Nikamuuliza mume wangu.

"Mama akinituma samaki nikikataa, au akipika nisile, atajua mimi ni mgonjwa," akasema. "Atafikiria ni ule ugonjwa. Wacha nile. Na ukimwambia, nakurudisha kwenu."

Sasa nisikilizeni, maana hili sijawahi kumwambia mtu. Wivu ulinishika. Nikasema kama ni mafuta, hata mimi nina mkono. Wiki mbili nzima nilimkaangia: kuku, ngege, chapati za kuloa. Sahani yangu ikaanza kurudi tupu, naye akaanza kuniita mpenzi. Nilijua daktari alisema nini na nilimimina tu. Wiki ya tatu alianguka njiani akielekea kazini, na hakuamka tena.

Kwenye matanga mama mkwe alilia mbele ya umati kwamba nyar Migori alimuua mwanawe kwa njaa, akimlisha maji ya moto. Nilinyamaza. Watu walidhani ni adabu. Kijana wangu alikuwa na miaka saba, akasikia kila neno.

Leo huyo kijana ana mke na kazi Migori, na mwezi uliopita amepimwa, ana presha kama ya babake. Mkewe anampikia bila mafuta. Alinipigia simu akilia: "Mama, anasukuma sahani. Anasema babake aliuawa na chakula kama hii." Na nyanya yake, anayekaribia miaka tisini, kila kijana akija huku nyumbani humshika mkono na kumwambia asikubali mwanamke amkaushe. Halafu ananituma mimi nikanunue samaki na mafuta.

Jumapili mwanangu anakuja tena. Nimekaa nikijiambia kwamba nanyamaza kwa kumhurumia yule mzee, nisimtie kaburini akijua mkono wake ulichangia. Lakini nikijichunguza vizuri, siamini hata mimi mwenyewe. Nadhani najihurumia. Nikisema ya nyanya yake nikaficha yangu, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili. Nikisema yote, huenda akakubali chakula cha mkewe akapona, lakini changu hatakigusa tena.

Nishaurini jamani, hasa nyinyi mliolea wavulana: nimweleze mwanangu yote, au nifanye nini?