Ushuhuda Wangu wa Marigoldi

Sina pa kujificha, maana kanisa zima hapa Kilimatinde lilinisikia, wakiwemo wanafunzi wangu.

Nilipanda maua ya marigoldi kwenye makopo ya rangi mbele ya nyumba, kisha nikaenda Rungwa na shemeji kurina asali. Tulikaa wiki tatu, na kiangazi kilikuwa kikali. Niliporudi Jumamosi nilitarajia vijiti vikavu. Nikakuta maua ya njano kama viini vya mayai, yamefurika makopo yote. Nikavua kofia. Nikagusa udongo, nikaukuta una unyevu, na huo nao nikauhesabu kwenye muujiza.

Jumapili nikasimama kushuhudia. Nikasema maua yale hayakupata hata tone la maji kutoka kwa mkono wa mwanadamu. Watu wakaitikia amina, mchungaji akafuta macho.

Ndipo Bibi Eliza, jirani yangu anayepanda kilima kila asubuhi na ndoo ya maji kichwani, akainuka taratibu kwenye benchi la nyuma.

"Mwalimu," akauliza kwa upole, "kwa hiyo kesho nisimwagilie?"