Beki wa Tatu

Watu wakimsifu mume wangu, Mwalimu Machogu, mimi hunyamaza. Huniambia, "Orpah, mzee wako alitafutwa na kila shule!" Alitafutwa wapi! Alikuwa akikimbia.

Alianza katika shule ya Kenyenya mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na tano, akifundisha mabeki tu. Wafungaji walikuwa na mwalimu wao. Machogu alichukua wale wawili wa nyuma, wale ambao hakuna anayewaimbia, akawafundisha neno moja: simama. Aliwasukuma kwa bega lake mwenyewe, na asiyepepesuka ndiye aliyepewa jezi. Aliwapenda, siwezi kumsingizia.

Aliyempenda kuliko wote ni Ombati. Mwaka wa thelathini na saba tulicheza na timu ya wageni, Ombati akapigwa goti tumboni, akajikunja. Nilikuwepo, nikiuza ndizi. Machogu akapaza sauti: "Simama, Ombati!" Kijana akasimama. Alisimama mpaka mwisho, mkono tumboni, na hakuna aliyempita. Jioni ile akafia nyumbani kwa mama yake, Nyanchera.

Hakuna aliyemlaumu Machogu. Afadhali wangemlaumu! Nyanchera alimzika mwanawe, na mwaka uleule mwanawe mwingine alipopata mtoto wa kiume, akaitwa Ombati, kama ilivyo desturi yetu kumpa mtoto jina la marehemu. Bibi akawa anamwita "mwanangu" tangu ananyonya.

Machogu alirudi uwanjani, lakini akaanza kuona mabeki watatu. Aliniambia tukiwa tunakula: "Orpah, wawili ni wangu. Wa tatu ameshika tumbo." Nilisali, nikamkaripia, nikamchemshia dawa. Wapi! Akahamia shule nyingine upande wa Itumbe, watu wakasema amepanda cheo. Yule beki akamfuata. Akahama tena, na tena. Mwaka wa hamsini na nne tukafika chuo cha ualimu karibu na Kebirigo, tukapewa nyumba ya mabati, nami nikadhani sasa tutapumzika.

Thubutu! Siku ya kwanza ya mazoezi, kijana mrefu akajitambulisha: Ombati, wa Kenyenya, beki. Alikuwa yule mjukuu wa Nyanchera. Mume wangu alirudi nyumbani, akaapa hatampanga kamwe. Wiki nzima hakumpanga. Kijana akaja mlangoni kwetu amenuna.

"Mwalimu, nimekukosea nini? Hakuna beki hapa anayenishinda."

Ni kweli hakuwepo. Machogu akanitazama. Mtu atanyimwa haki yake kwa kosa la jina? Akampanga.

Mechi ilikuwa Jumapili. Nyanchera alikuja, sasa kikongwe, akaketi karibu nami kwenye nyasi. Tulisalimiana vizuri tu. Kipindi cha pili mshambuliaji akamvamia Ombati, akamgonga tumboni kwa kichwa. Ombati akajikunja. Machogu akafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Kijana akainuka mwenyewe, mkono tumboni, akarudi mahali pake.

Haki ya Mungu, sijawahi kumwona mume wangu akikimbia vile! Aliingia uwanjani refa akipuliza filimbi, akamkumbatia kijana kiunoni, akamburura nje.

"Niache, Mwalimu! Ni pumzi tu!"

Na kweli ilikuwa pumzi tu. Siku hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba; tukabaki kumi, tukafungwa, chuo kizima kikamzomea. Machogu hakusikia. Alikuwa analia na kucheka, akamfikisha kijana mbele ya bibi yake.

"Mama, huyu hapa. Nimemtoa."

Nyanchera alimpapasa mjukuu wake tumbo, taratibu, huku na huku. Kisha akamwangalia Machogu.

"Waliniambia mpira hauruhusu mtu kutoka mpaka filimbi ya mwisho," alisema. "Nikakubali. Ndiyo maana sikukuuliza kitu miaka hii yote. Kumbe mtu hutolewa."

Machogu alikuwa bado amekamata mkono wa jezi ya kijana, na ilibidi mimi nimfungue vidole, kimoja kimoja.